Basi la Bure Siku ya Kura

Siku ya uchaguzi mabasi ya mji ule wa Ohio hayatozi nauli, na ndiyo sababu Verlin Stroud, mstaafu wa kiwanda cha matairi, alikuwa amepanda. Idella Pruitt, ambaye figo zake zilimpeleka hospitali kusafishwa damu kila Jumanne, alikaa mkabala naye, akamsikia akitangaza kwamba anakwenda kuipigia kura ya hapana kodi mpya ya majengo ya kugharimia mabasi.

“Ikikataliwa, njia hii inafutwa,” Idella alisema. “Mimi nitafikaje hospitali?”

“Usinitwishe mzigo huo, mama. Kodi ninayoilipa serikali kwa nyumba yangu imepandishwa mara tatu. Serikali ni tumbo lisiloshiba.”

“Na matibabu yako ya uzeeni analipa nani? Malaika?”

“Nilikatwa mshahara maisha yangu yote! Hiyo ni haki yangu. Hili lenu ni ujamaa.”

“Hata mimi nilikatwa, bwana. Yako haki, yangu ujamaa?”

Abiria wengine waliinamia simu zao. Verlin alishusha sauti. “Nikishindwa kodi, nikanyang'anywa nyumba, basi litanipeleka wapi?”

Idella aligeukia dirisha; swali hilo lilimkera kuliko neno ujamaa.

Verlin alivuta kamba ya kengele mbele ya kanisa lililogeuzwa kituo cha kura. Dereva alibonyeza kitufe, basi likainama upande wa mlango ili Verlin ashuke bila kuumiza magoti. Alipofika chini alimgeukia dereva.

“Unarudi hapa saa ngapi?”

Idella alijibu kabla ya dereva. “Leo, au mwakani?”

Mlango ukajifunga.