Ubelgiji Imepikwa, Ureno Imeliwa

Ijumaa hii, tarehe 5 Desemba 2025, Madame Huguette Nabintu anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha darasa la nne katika shule yetu ya jumuiya hapa Point, Durban. Kamati ya shule imeniomba mimi, Léonce, mwalimu wa darasa la tano, niandike maneno ya furaha kwa programu ya sherehe. Nitajitahidi, ingawa nina hasira.

Madame alifika Durban kutoka Uvira na diploma ya ualimu ambayo hapa haikumfaa kitu. Alisuka nywele za watu katika soko la Warwick Junction mpaka mchungaji wetu alipofungua shule juu ya duka la simu, ndipo akaweka kitana chini akashika chaki. Hakuwahi kupaza sauti darasani. Alivua miwani tu, na darasa zima likanyamaza, pamoja na sisi walimu wa chumba cha pili.

Wengi watamkumbuka kwa somo moja. Wafadhili wetu wa Ulaya walituletea mtaala wenye mada ya kulinganisha matumizi ya serikali katika elimu ya msingi, Ubelgiji kwa Ureno. Kwa nini watoto wa Point wayajue hayo, hakuna aliyetueleza. Madame alichukua chupa mbili za mdomo mpana akazitia maharagwe, kuonyesha kila serikali inatumia kiasi gani kwa mtoto mmoja. Ubelgiji ilijaa kuliko Ureno. Kisha akaweka chupa ya tatu, akaibandika jina “Sisi”, akaiacha tupu. Mgeni wa wafadhili alisifu zile mbili, akaomba ya tatu iondolewe kwa kuwa haimo kwenye mtaala. Mgeni aliondoka, chupa ikabaki.

Fedha za wafadhili hao hununua vifaa vya kufundishia. Chakula ni marufuku. Mtoto akisinzia kwa njaa saa nne asubuhi, mnunulie ramani. Huo ndio utaratibu, na waliouandika wamekula.

Basi siku moja mpishi wetu, Mama Ninahazwe, ambaye kazi yake ilikuwa kuchemsha chai tu, alizikuta chupa jikoni, akadhani ni sadaka ya kanisa, akaipika Ubelgiji yote. Sisi walimu tulishika vichwa. Madame alionja, akaomba chumvi. Wiki iliyofuata aliagiza vifaa vya kufundishia zaidi, na chupa zikawa ndoo. Sidhani kama iko shule nyingine iliyolinganisha nchi hizo mbili mara nyingi kama yetu. Kila mchana, Ulaya ikishalinganishwa, ilikwenda jikoni. Wazazi walizoea kuambiwa nyumbani, “Leo tulikula Ureno, lakini Ubelgiji inashibisha zaidi.” Watoto waliacha kusinzia. Walianza hata kubishana na mwalimu, jambo ambalo Madame alilihesabu kuwa ushindi.

Mwezi uliopita kamati iligundua kwamba vifaa vinapikwa. Haikuuliza watoto watakula nini. Ilinunua shanga za plastiki, za rangi nzuri, ambazo tumeambiwa haziharibiki. Sisi watu wazima, walimu na wazazi, tulizipigia makofi. Mireille wa darasa la nne alizigeuzageuza mkononi, akauliza, “Madame, hii tutapika namna gani?” Madame alivua miwani, akazirudisha shanga kwenye ndoo.

Wageni waalikwa, baada ya hotuba mtakula kuku na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwa hisani ya kamati. Watoto walimaliza Ureno ya mwisho jana. Januari wataendelea kulinganisha kwa shanga, na jibu litakuwa lilelile.

Asante, Madame, kwa kila sahani uliyoiita kifaa. Mungu akupe afya, miaka mingi, na wajukuu wabishi. Chupa yako ya tatu tumeiweka mlangoni, bado tupu, ili kila anayetoka ameshiba aipite.