Khaemba Hakubali Lori Lisukumwe

Tarehe 31 Desemba 1958, Mzee Josia Khaemba, fundi wa umeme wa magari katika karakana yetu hapa Nakuru, atavua ovaroli yake baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Ovaroli yenyewe imejaa viraka hata hakuna ajuaye ilianza na rangi gani. Nimeombwa nimwandikie mimi, Micah Kosgei wa stoo, katika gazeti la kampuni yetu ya malori, kwa sababu dirisha langu linatazamana na benchi lake. Miaka yote hiyo nimempa vipuri vipya, naye akanirudishia nusu yake akisema vya zamani havikuwa na ubaya.

Alitoka Kimilili akiwa kijana, akaajiriwa kupaka grisi. Umeme alifundishwa na fundi mmoja wa Kisikh aliyekuwa mkali kwa kila kitu isipokuwa chai. Ugonjwa uliompa jina ni ule wa lori linalolia "tik" ukibonyeza stata, kisha kimya. Dawa ya Nakuru nzima inajulikana: sukuma. Mji wetu umelala mteremkoni, Menengai juu, ziwa chini, kwa hiyo dereva mwenye betri ya mashaka huegesha akitazama ziwa, na asubuhi huachia breki tu, lori likawaka likiteremka.

Khaemba hana haraka hiyo. Kwanza huwasha taa za mbele, akasimama kuzitazama, dereva akabonyeza stata. Taa zikizimika, kosa liko kwenye betri, au kwenye vichwa vyake vilivyoota unga mweupe, navyo huoshwa kwa maji ya moto. Taa zikiendelea kung'aa na lori linalia tu, basi iulizwe stata yenyewe, au waya mnene unaounganisha injini na chesisi. Akishamaliza hula viazi. Madereva wa Molo wanajua kwamba lazima waje na furushi la viazi vilivyoivia juu ya injini njiani, la sivyo taa zao zitatazamwa mwisho.

Wageni wakiingia uani kwetu hushangaa kuona malori yote yamelazwa yakitazama juu, Menengai. Ni sharti la Khaemba tangu mwaka 1954: lori gonjwa liseme hapa nyumbani, si huko milimani Mau. Madereva walinung'unika sana. Kipkemboi, mjanja wetu, aligundua kwamba lori huweza kuwaka hata likiteremka kinyumenyume. Akajaribu, akaishia ndani ya choo cha wafanyakazi, ambacho kwa bahati kilikuwa kitupu. Kesho yake Khaemba akajenga ukingo wa mawe nyuma ya magurudumu. Choo kilichukua muda zaidi.

Chanzo cha sharti hilo hakichekeshi. Asubuhi moja mwaka huo, lori la dereva Waithaka lililia tik. Mzigo wa maziwa ulikuwa unangojwa, na Khaemba alikuwa ameinamia injini nyingine. Hakwenda kutazama taa. Alimwambia Waithaka ateremshe tu, ataliangalia jioni. Karibu na Elburgon, Waithaka alizima injini aongeze maji kwenye rejeta, na lori likakataa kuwaka tena. Mahali ni tambarare, hendeli ya kuzungushia injini imevunjika, watu wamejifungia majumbani kwa ajili ya kafyu. Kibali chake kilimtaka awe Nakuru kabla ya jua kuzama. Doria ikamkuta hapo.

Wasomaji wetu wanaijua Hali ya Hatari, sina haja ya kueleza Mkikuyu aliyekutwa hivyo alipelekwa wapi. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu. Mkewe, Wachuka, alipandishwa garimoshi pamoja na watoto kurudishwa kwao Fort Hall. Kila mwezi furushi la Khaemba lilimfuata kwa njia ya stesheni, nasi tulijifanya hatulioni.

Waithaka alirudi Februari mwaka huu, amekonda, akaja moja kwa moja karakanani. Khaemba hakuanza na salamu.

"Ni mimi nilikwambia uteremshe," alisema.

Waithaka aliuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba muda wote huo.

"Mzee, hiyo gari ilikuwa na nini?"

"Waya ya chesisi ililegea."

"Waya tu?"

"Waya tu, ndugu yangu. Nati moja."

Waithaka aliketi juu ya tairi, akajifunika uso. Khaemba akaketi kando yake. Mimi nilifunga dirisha la stoo.

Khaemba alikuwa astaafu Machi. Akasema haendi popote mpaka Waithaka arudi kwenye usukani. Kampuni ilikuwa imempa Waithaka kazi ya kupakia mizigo, lakini kuendesha, alisema meneja, ni jambo jingine, lina vibali vyake. Kila Jumatatu Khaemba alinawa mikono mpaka viwikoni, akapanda ngazi za ofisi, akashuka na jibu lile lile. Tulimsihi akapumzike, ameshangoja vya kutosha. Alijibu kwamba aliyengoja ni Waithaka. Mwezi huu vibali vimepatikana, na meneja anasema alivifuatilia ili arudishiwe Jumatatu zake.

Jumamosi iliyopita Waithaka aliendesha safari yake ya kwanza, Molo na kurudi. Jioni sote tulikuwa uani, kila mtu akijifanya ana kazi. Kama kuna mtu mwenye haki ya kulipuuza sharti la Khaemba, au kumchukia Khaemba mwenyewe, ni yeye. Nafasi ilikuwa tele upande unaotazama ziwa, na hakuna aliyemwongoza. Aligeuza lori polepole, akarudi nyuma mpaka magurudumu yakagusa mawe, pua ikitazama Menengai. Akafungua boneti, akatoa furushi la viazi, akampelekea Khaemba. Walikula wamesimama. Jumatatu Khaemba alipanda ofisini kutia saini ya kustaafu.

Mzee Khaemba, asante kwa taa, kwa mawe, na hata kwa vipuri ulivyonirudishia. Tunakuombea mvua njema Kimilili, magoti yasiyouma, na majirani wasiokuletea redio mbovu siku ya Jumapili. Tutakupeza sana, na sioni haya kulisema. Siku ya safari utapelekwa na lori, na dereva unamjua. Tumeshakubaliana naye kwamba likilia tik njiani, hakuna atakayesukuma mpaka ushuke utazame taa.