Mama Kata Tena na Maneno Yangu Mawili

Baada ya miaka thelathini na nne katika maabara yetu ya uchunguzi wa uvimbe, Mama Kata Tena anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Jamani, bado siamini.

Kazi yake ni kukata vipande vya uvimbe vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvitia rangi, na kutuletea sisi madaktari tuvisome kwa hadubini. Jina alilipata kwa ubishi: kipande kikimtia shaka anakata tena, hata kama daktari ameshavua koti. Mwaka jana tulimpa kisu akate keki kwenye sherehe ya idara, na keki ya watu kumi ikatosha idara tatu.

Sasa niseme jambo alilolificha miaka minne. Mwenye kosa ni mimi.

Saratani ikishasambaa, seli zake hazifanani zote. Uvimbe wa titi na ule uliohamia kwenye ini ni ndugu, lakini ndugu hutofautiana tabia. Dawa inayomweza mmoja humwacha mwingine akikua. Mimi nilikuwa na haraka zangu. Kipande cha ini kikija, nilitazama jibu la zamani la titi na kuandika "kama awali", basi. Siku moja aliniwekea mezani vipande vya mgonjwa mmoja, mwalimu, alivyovipima bila kuagizwa. Vya ini vilishika rangi ya kuonyesha dawa fulani itaziweza seli zake, rangi ambayo cha titi hakikushika kabisa. Nilipigwa na butwaa. Dawa ya kumfaa ilikuwepo, nami nilimnyima kwa maneno mawili.

Tukafukua majibu yangu yote ya namna hiyo, kumi na manne. Matatu hayakuwa kweli. Mwalimu alibadilishiwa dawa, na mpaka leo anafundisha. Wa pili naye aliwahiwa. Wa tatu, lahaula! Wa tatu alikuwa mpokea simu wetu wa mapokezi, tuliyekwenda kumzika sote mwezi mmoja kabla. Pengine dawa ingempa muda, pengine isingefua dafu. Sitajua kamwe.

Mama Kata Tena hakunitangaza. Alishikilia tu kwamba hakuna jibu litakalotoka bila kipande kipya kupimwa, na ndivyo tunavyofanya hadi sasa. Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kustaafu, tulitegemea aseme saa ya ukutani. Akanivuta kando: niende kwa mume wa marehemu, nimweleze kwa mdomo wangu mwenyewe. Jumapili nilikwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kunisamehe hakutamka. Aliuliza tu ni nani aliyegundua, nikamwambia.

Mama, asante kwa ubishi wako. Tunakuombea afya tele, vicheko vingi, na wajukuu wa kukuchosha kwa raha. Ila jikaze kidogo: yule mume ameomba kiti leo, mstari wa mbele. Amesema anakuja kukushika mkono.