Kaka Yetu Cyriaque na Nyoka wa Kisiwani

Kaka yetu Cyriaque Ntirandekura alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Bururi, Burundi. Vita vilimtoa nyumbani akiwa mtoto, akasomea kambini Kigoma hadi kidato cha nne. Mwaka 2003 aliingia Johannesburg.

Alianza kwa kulinda jengo la ofisi Marshalltown. Siku nyoka alipoingia mapokezi, watu walitimua mbio. Yeye alimchukua polepole, akamtia kwenye skaftini yake ya chakula na kufunga kifuniko. Mhadhiri aliyekuja kumchukua nyoka yule ndiye aliyemshika mkono hadi chuo kikuu, akasomea elimu ya nyoka. Spès, msusi wa Berea, alipofunga ndoa na Cyriaque tarehe 8 Desemba 2007, kitu cha kwanza kutupa kilikuwa skaftini ile.

Tangu 2014, kila Aprili alikwenda kwenye kisiwa kidogo cha Ugiriki, katika Bahari ya Mediterania, kisichokaliwa na watu. Alikamata nyoka, akakata ncha za magamba machache ya tumboni kuwa alama, akawaachia. Mwaka uliofuata aliwatafuta tena, ajue nani bado yu hai. Kila mara aliwakuta wachache zaidi, na hakujua awasaidieje. Spès alimtania kwamba anawatambua nyoka kuliko mashemeji.

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Aprili ilipita akiwa kitandani. Tarehe 3 Agosti mwenzake Mgiriki alipiga simu: kisiwa kinaungua, na boti haziruhusiwi kukaribia. Kina mama wa maombi waliokuwa wodini, waliposikia kisiwa cha nyoka kinateketea, walimshukuru Mungu na kuanzisha wimbo. Cyriaque aligeukia ukutani akalia. Spès, ambaye katika ugonjwa wote hakuwa ameona chozi lake, alichukia.

“Unalilia nyoka, Cyriaque? Mbona wewe mwenyewe haujililii?”

“Mimi niko na watu wa kunililia, mama Fiona.”

Spès alivuta kiti, akaketi kando ya kitanda. Cyriaque alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti, mkono wake mkononi mwa mkewe, akiwa bado anangoja habari. Leo asubuhi Spès mwenyewe amepiga simu Ugiriki. Kisiwa bado kimefungwa, na hakuna ajuaye.

Ameacha mjane, Spès. Watoto, Fiona na Yves. Dada, Annick wa Turffontein. Na nyoka wa kisiwa kile, kama wapo.

Apumzike. Kulia tutalia sisi.