Kavinya Kyule na Maji Yasiyomwagwa

Marehemu Kavinya Kyule, ambaye tumemsindikiza hapa makaburini Lang'ata leo, alizaliwa Makongeni tarehe 14 Aprili 1979, mtoto wa tatu wa karani wa reli, marehemu Mzee Kyule, na Mama Triza, aliyeketi hapo mbele. Siku hiyo mvua ilinyesha hadi maji yakaingia nyumbani. Mama Triza husema mtoto hakulia. Alitulia tu, kama anayesikiliza.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Makongeni, sekondari akasomea Machakos, kisha akaingia chuo kikuu na kuhitimu mwaka 2003 katika mambo ya samaki. Ukoo ulishangaa. Sisi Wakamba wa Eastlands samaki tunamjua akiwa ameshakaangwa.

Mwaka 2005 aliajiriwa kuchunguza samaki mmoja mdogo, wa rangi ya tope, anayeishi kule Kipini, mto unapokutana na bahari. Samaki huyo alikuwa anapungua na hakuna aliyejua kwa nini. Kavinya alitaka kujua mambo mawili tu: anakula nini, na anataka nyumba ya aina gani.

Tarehe 8 Desemba 2007 alifunga ndoa na Mutie, dereva wa lori, wakahamia Donholm, na huko wakazaliwa Kimanzi na Kavutha. Haukupita muda sebuleni likaja tangi la kioo, na ndani yake samaki, ambao Mutie aliwaita wapangaji. Kavinya aliwaning'inizia vipande vya tairi kutoka soko la Kariokor, alivyovichemsha na kuviloweka mpaka harufu ikaisha, viwe badala ya mizizi ya mikoko. Jirani yao Hibaq, anayeuza nguo kando ya barabara, kila akija alikaa akiligeuzia tangi mgongo. "Mama Kimanzi, hawa watu wako wananiangalia kama askari wa kanjo."

Kuna safari mke alikuwa Kipini, Mutie kwa mapenzi yake akasugua vile vipande, akatoa tope lote, akaweka maji safi yenye chumvi ile ile. Wapangaji wakagoma kula. Kavinya aliporudi aliwaangalia kwa muda, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba Kimanzi, umeosha nyumba ukaosha na chakula." Hapo ndipo alipojua kwamba wale wadogo wanakula utelezi unaoota kwenye mizizi, palepale maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari. Mizizi ikikatwa, wanalala njaa.

Lakini kuna jambo hakuwaambia wakubwa wake kazini. Siku nyingine alipiga simu kutoka Kipini, akasema, "Huku maji yamejaa." Mutie akageuka akaangalia tangi. "Hata huku," akajibu. Yalikuwa yamepanda kidole kizima na hakuna aliyeongeza. Mutie alikagua bomba, akakagua kama sakafu imeinama, mwishowe akazoea, kama mtu anavyozoea mama mkwe.

Juni 2023 Kavinya aliugua figo. Daktari alimkataza chumvi. "Basi yangu wapewe wapangaji," akasema. Alipozidiwa alimwomba Mutie jambo moja: "Nikienda, maji yangu msiyamwage. Yarudisheni kwao, pamoja na wenyewe." Mutie akaahidi.

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, mchana. Mutie alikuwa amerudi nyumbani kumchukulia nguo. Wapangaji, ambao mchana hujificha, walitoka wote wakajipanga, midomo ikielekea mlangoni. Halafu simu ikalia. Mutie hakuwa na haraka ya kuipokea.

Sasa, katika ukoo huu maji yaliyolala katika nyumba ya marehemu humwagwa, asije akawa anayarudia. Shangazi Kavindu alimaliza ndoo, akamaliza birika, akafika kwenye tangi na beseni mkononi.

"Shangazi, hayo hapana," Mutie akasema. "Nilimuahidi."

"Unataka abaki humu?"

"Nataka hawa wafike kwao."

"Samaki ni mboga, Mutie. Nipishe."

Akachovya beseni. Maji yakapanda, polepole, yakamfika kwenye bangili, na wapangaji wakaja kumwonja vidole kimoja kimoja, kama wanavyoonja mizizi. Shangazi mnamjua kwa maneno. Siku hiyo alilitoa beseni likiwa tupu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kipini ni mbali?"

Kwa hivyo tukitoka hapa, ile pikapu ya bluu langoni hairudi Donholm. Pipa lililo nyuma lina maji yote na wenyewe. Atakayesikia likigongwa kutoka ndani wakati wa maombi, aendelee kuomba. Shangazi ameshaweka mkoba wake kwenye kiti cha mbele.

Marehemu ameacha mumewe Mutie, watoto wao Kimanzi na Kavutha, mamake Triza, shangazi yake Kavindu, na wapangaji.

Pumzika kwa amani, Kavinya. Maji yako hatujayamwaga.