Heshima Iliyomfungia Mama Mkwe Ndani

Ndugu zangu, sifa zote zimrudie Bwana, maana bila yeye leo ningekuwa nimekaa matangani! Wengi mnanijua: fundi cherehani wa hapa Kiomboi, yule anayewashonea matarishi wa boma la serikali kaptula, na ambaye akiahidi Jumatano mnapata nguo Ijumaa. Nichekeni tu. Nililokuja kulisema halichekeshi.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alibaki peke yake. Wanawe wawili wa kiume walikuwa vibarua katika mashamba ya mkonge huko Tanga, wala hatukujua wangerudi lini. Mke wangu alilia, nami nikasema, aje kwetu. Nikamjengea chumba nyuma ya baraza, mlango uani, nikamnunulia blanketi jipya. Nilijiona mkwe mwema, jamani!

Sasa mnajua kwetu ilivyo. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Akikutana naye njiani, anaingia porini mpaka apite. Hali chakula naye, haongei naye. Ndivyo nilivyolelewa, nikaishika heshima hiyo barabara. Lakini angalieni kosa langu! Wanaume wengine hushinda shambani au na mifugo, na mama mkwe hupata nafasi ya kutoka na kuota jua. Mimi kazi yangu iko barazani. Basi kutwa nzima yeye alijifungia ndani ili tusionane. Mke wangu naye alishinda shambani kuamia ndege wasimalize uwele wetu. Tulibaki wawili nyumbani, ukuta mmoja katikati, na hakuna aliyetamka neno.

Mwezi wa kwanza alikuwa akiimba. Wa pili akanyamaza. Kisha chakula kikaanza kurudi kama kilivyokwenda. Mke wangu akaniambia, "Mama anaomba arudishwe kwao akafie huko." Ndugu zangu, hofu ilinishika! Dresa wa dispensari, yule anayetufunga vidonda na kutupa dawa, akampima, akasema haoni ugonjwa mwilini. Jirani mmoja akanong'ona kwamba amerogwa, mwingine akasema ni mizimu. Nikawa nashona huku sikio langu liko ukutani. Alikuwa na kikohozi kidogo. Nikikisikia, nashusha pumzi. Nisipokisikia, nakosea mshono. Mzee mmoja wa kanisa nilimshonea suruali yenye mguu mmoja mfupi, naye yupo hapa, anajua.

Siku moja, jua la utosi, nikatambua kwamba tangu asubuhi sijasikia kikohozi. Nikasimamisha cherehani. Kimya! Nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Wanawake wote wa jirani walikuwa mashambani. Nikiingia, nimemvunjia heshima mama wa mke wangu. Nisipoingia, labda anakata roho pale pale, hatua kumi kutoka nilipokaa! Nikapiga magoti uani. Nikasema, "Bwana, naogopa. Nifanye nini?" Sikusikia sauti yoyote, siwadanganyi. Nilichopata ni ujasiri wa kutamka neno ambalo sikuwahi kumwambia tangu nimwoe binti yake.

"Shikamoo, mama."

Nikarudia kwa nguvu, na machozi yakinitoka.

"Marahaba," sauti ikaja, ndogo sana. Kisha akaniuliza kwa Kinyiramba, nami nawaambia kwa Kiswahili: "Mbona cherehani imenyamaza? Ikinyamaza naogopa kwamba mmeondoka wote mmeniacha."

Ndugu zangu! Mimi nasikiliza kikohozi chake, yeye anasikiliza cherehani yangu, wote wawili tunaogopa, na ukuta ni wa udongo tu! Nikakimbia kuchukua uji alioacha mke wangu. Nikauweka kizingitini, uso nimeugeuza.

"Lete ndani, baba," akasema. "Nimechoka kuheshimiwa."

Nikaingia. Nikamtazama. Ni mwanamke mdogo wa umbo, macho yake kama ya mke wangu kabisa, nami nilikuwa sijui! Uji ule aliunywa wote.

Mjomba wa mke wangu alikasirika, akasema dini imetuharibu. Nikapeleka mbuzi wa faini, wazee wakakaa kuamua. Mama mwenyewe akawaambia, "Kama hamtaki mkwe wangu anisalimu, basi njooni ninyi kila siku." Hakuna aliyejitolea. Wakala mbuzi, maneno yakaisha.

Sisemi kwamba huzuni yote imemwondoka. Zipo siku anafunga mlango, nami moyo unaruka kama siku ile, nakwenda kubisha. Lakini siku nyingi anakaa nami barazani. Ananifumulia nyuzi, anawauliza wateja habari za kwao, na mishono yangu anaikosoa mbele yao bila haya. Namshukuru Mungu aliyenipa kinywa nilipokuwa nimekaribia kunyamaza mpaka mtu afe!

Nawe ndugu yangu mwenye mzee nyumbani, umempa blanketi, umempa chakula, usijisifu bado. Mtumaini Bwana, maana mimi nilikuwa mwoga kuliko wewe. Ukifika nyumbani leo, kabla hujala, nenda mlangoni kwake umsalimu. Akishaitikia, usiondoke. Vuta kigoda, ukae.