Mwalimu Terry na Mpira wa Saba

Wapendwa waombolezaji, marehemu Mwalimu Terry Nanjala alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kimilili, akasoma huko hadi kidato cha nne, akaja Mombasa mwaka 1979 kwa shangazi yake, na tangu Januari 1981 hadi alipostaafu mwaka 2018 alifundisha nasari moja ya Kuze, ambako nusu ya watu wazima wa mtaa huo aliwafuta makamasi kwa mkono wake.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Bwana Morris Mutunga, karani wa reli, wakajaliwa watoto wawili, Mutheu na Kilonzo, na kwa kuwa Bwana Morris alikuwa mwamuzi wa kriketi kila Jumapili, marehemu naye aliupenda mchezo huo usio na haraka, akikaa kivulini na chupa yake ya chai na viazi vya karai, akiwaimbisha watoto wimbo alioutunga wa kuku wa Bimdogo, wenye mistari sita, mmoja kwa kila mpira katika zamu ya mrushaji.

Mwamuzi huhesabu mipira hiyo kwa kokoto sita, akizihamisha mfuko huu hadi ule, lakini Jumapili tarehe 9 Februari 2014 Bwana Morris alizisahau nyumbani, akaona ahesabu kwa wimbo wa mkewe, asijue kwamba wiki ile watoto walikuwa wameongeza mstari wa saba, wa kifaranga, na mwalimu akauachia kwa kuwa ulimchekesha. Taizoon, tegemeo la timu ya nyumbani, akatolewa kwa mpira wa saba, ambao haukupaswa kurushwa, na ilipojulikana kwamba mwamuzi alihesabu kwa wimbo, uwanja mzima ukaangua kicheko, na Bwana Morris, kwa haya, akamwambia mkewe mbele za watu akaimbie jikoni.

Marehemu alikunja mkeka wake akaenda zake, akazikuta kokoto mezani, jioni akazitia mfukoni mwa koti la uamuzi la mumewe, hakumwambia mtu, wala hakukanyaga tena uwanjani, ingawa kila Jumamosi alilipiga pasi koti lile. Miaka kumi na mmoja Bwana Morris alijiambia atamwomba radhi jioni, na jioni ikifika wanazungumzia bei ya nyanya za Marikiti.

Novemba 2024 marehemu aliugua figo, akafariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kwenye foleni ya dawa, siku aliyokuwa ameazimia kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Bi Hajra na majirani wa Kuze kwa uji wao wa kila siku, na walimu wenzake. Bwana Morris, ambaye sauti imemkatika, ameomba isomwe mbele za watu, kwa kuwa ni mbele za watu alipomkosea, kwamba kosa lilikuwa lake, alilijua siku ile ile, na amechelewa. Mwalimu wetu, pumzika kwa amani.